Zogoyogo na Habari za Baba Mkwe

Iko siku moja ya Bisil, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka shingo inapata joto. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi juzi, nimepanga chumba Kitengela, na nimepata kazi ya mkataba: kuwafuata zogoyogo, wale ndege wa kelele wanaotembea jamaa nzima pamoja kwenye vichaka vya migunga, na kuandika kila wanapopiga ukelele wa hatari. Kazi ilinifaa, maana mimi mwenyewe niliona hatari kila mahali. Neno moja nililipima, nikalipima tena, na mara nyingi sikulitoa.

Siku hiyo Naserian, msichana niliyetaka kumwoa, alinipeleka kwa baba yake. Binti alikuwa mwalimu, Mmaasai wa hapo Bisil. Mimi mtu wa Kakamega. Alikuwa ameniambia wazi kwamba baba akinikataa, yeye hatampinga. Kitu kimoja hakuniambia, kwa sababu kwake kilikuwa cha kawaida kama kupumua: kwamba kwao watu wakikutana hula habari. Mgeni huketi akaeleza alikotoka, mvua ilivyo, majani, mifugo, nani anaumwa. Mwenyeji huitikia tu mpaka mwisho, kisha naye hutoa zake.

Mzee alinipa kigoda, chai ikaletwa.

"Haya. Lete habari."

"Nzuri tu, mzee."

"Za huko Kitengela?"

"Hakuna kitu."

Kumbe nilikuwa nazo tele. Nikisema mkataba unakaribia kuisha, ataniona sina mbele. Nikisema naangalia ndege, atacheka. Nikisema mama anaumwa miguu, atadhani nimekuja kuomba. Nikanywa chai. Mzee akangoja, akanitazama, akamgeukia binti yake.

"Huyu ameua mtu huko kwao?"

"Hapana, baba. Ni aibu tu."

"Mtu ametoka mbali hivyo na hana habari? Iko kitu anaficha." Akachukua fimbo yake, akasimama. "Kijana, nenda. Siku utakuwa na habari, urudi."

Nilirudi Kitengela nikijua nimempoteza Naserian. Asubuhi moja nilikaa kuwatazama zogoyogo bila moyo wa kazi. Mmoja alikuwa juu ya mgunga akilinda. Wengine chini, vichwa kwenye majani makavu, wakichokoa wadudu. Yule wa juu alikuwa akinong'ona, polepole, bila kukoma, kama mtu anayejisemea. Mnong'ono ule sikuwahi kuujali; mimi nilitakiwa kuandika vilio vya hatari. Kisha akashuka kula. Hapakuwa na mwewe wala nyoka. Lakini wenzake wote waliinua vichwa, wakaacha kula, wakawa wanageuka huku na huku mpaka mwingine alipopanda na kuanza kunong'ona.

Nilikaa pale juu ya jiwe mpaka jua likawa kali, nikiwaza. Kilichowatia wasiwasi kilikuwa ukimya. Kwa vizazi vingi, jamaa ambayo mlinzi wake aliisemesha ilikula ikashiba, ikalea makinda mengi. Ile iliyoachwa ikisie ilimaliza siku ikitazama angani. Na mlinzi hawadanganyi, kwa sababu makinda yale ni ndugu zake, na wakipungua, yeye mwenyewe atalindwa na nani? Ndiyo maana mnong'ono umebaki mpaka leo, na ndiyo maana wanauamini.

Nikapanda gari nikarudi Bisil, sikumwambia hata Naserian.

Safari hii nilisema yote. Nilianza na majani ya Kitengela na jinsi watu walivyokuwa wakizungushia mashamba waya. Nikaja kwa miguu ya mama. Nikasema kazi inaisha na sijui nitakwenda wapi. Mzee alikuwa akiitikia, "Ee. Ee." Nilipofika kwa ndege akaniinulia mkono.

"Ngoja. Wanakulipa kuangalia ndege?"

"Kidogo, mzee."

"Na ndege wanajua?"

"Hapana."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa shuka. Kisha naye akatoa zake: ng'ombe aliyeharibu mimba, jirani aliyehamia Loitokitok, na kwamba jicho lake la kushoto sasa linaona moshi tu. Naserian, aliyekuwa ametoka shule na kutukuta hapo, akaacha kumimina chai. Habari ya jicho hakuwa nayo.

"Hukuniambia, baba."

"Hukuwa umeniletea mtu wa kula naye habari," mzee akasema. Akanigeukia. "Waambie wazee wenu waje."

Mwanangu, najua umemaliza masomo, kazi bado, na hupigi simu nyumbani mpaka uwe na jambo la kujivunia. Unadhani unawapunguzia mzigo. Wanaokupenda hawajui kusoma ukimya wako. Wanaujaza kwa hofu zao, wanaacha kula. Usiwapigie siku ya balaa peke yake. Wape habari ndogo: umekula nini, viatu vimeisha, leo umekataliwa tena mahali fulani. Sema kweli, hata ikiwa haina sura nzuri, na ukishamaliza, nyamaza uwasikilize na wao, maana wako na macho yanayofifia wasiyoyataja.

Mungu akupe wa kukuitikia "ee" mpaka mwisho wa maneno yako, na nyumbani unakotoka walale bila kujiuliza uko wapi.