Siku Maji Yalipogoma Kupanda

Kwa miaka miwili hivi niliamini kwamba kuna upande wa mlima Meru ambako maji hupanda badala ya kushuka. Habari hiyo nilipewa na dereva wa bodaboda aliyenipeleka kwa wakwe zangu siku ya kwanza.

"Ule mlima ulipasuka zamani, kaka," aliniambia akiwa amegeuza kichwa nyuma, na mbele yetu kuna shimo la kumeza ng'ombe na mkia wake. "Ndani umebaki mtupu. Sasa ule utupu unavuta maji. Wewe ukinyonya soda kwa mrija, soda si inapanda?"

"Inapanda."

"Basi."

Hoja ikaisha hapo. Alinishusha mahali ambapo mfereji wa maji wa kijiji unaanza kufuatana na barabara, nijionee mwenyewe. Nikajionea. Pale mwanzo maji yalikuwa usawa wa viatu vyangu. Nikapiga picha. Kisha tukaenda pamoja, mimi barabarani, yenyewe kwenye mfereji wake wa udongo pembeni. Baada ya hatua kama mia yalikuwa usawa wa kiuno. Hatua mia nyingine, usawa wa bega. Nilipofika getini kwa wakwe nilikuwa nayatazama kama mtu anayetafuta ndege angani: yanapita kwenye ukingo juu ya kichwa changu, bila pampu na bila aibu. Nikapiga picha ya pili.

Kazi yangu ni picha. Nina studio Kijenge, ndogo kiasi kwamba mteja mnene akiingia, mimi natoka nje nimpige kupitia mlangoni. Nyuma ya kiti kuna pazia nililolipaka rangi kwa mkono wangu, buluu nzito juu, ikififia taratibu mpaka nyeupe chini, na hajazaliwa mtu wa kuonyesha kwa kidole mahali buluu inapoishia. Zile picha mbili za mfereji nilizisafisha nikazitundika ukutani, moja kando ya nyingine. Kila mteja aliyekaa kwenye kile kiti aliondoka na picha nne za pasipoti na hadithi moja ya maji yanayopanda mlima. Nadhani nusu ya Arusha inajua habari hii kwa sababu yangu, na nusu nyingine waliambiwa na ile ya kwanza.

Usidhani sikusoma. Kidato cha nne nilikimaliza shule ya jioni, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu. Hesabu za mteremko ndizo zilizokuwa chakula changu: mstari umepanda kiasi gani, gawanya kwa umbali uliokwenda. Kwenye mtihani swali hilo nililimaliza kabla msimamizi hajakaa. Lakini nilidhani ile mistari inaishi ubaoni. Haikunijia hata mara moja kwamba inaweza kutoka darasani na kwenda kukaa kwenye shamba la mama mkwe.

Mama huyu, mama wa mchumba wangu, alikuwa mjane, na mibuni aliyoachiwa na mumewe ilikuwa imezeeka. Akaamua kuanza upya. Aliotesha miche mia tatu ya kahawa chini ya migomba, akaitunza kama vifaranga, akiinywesha kwa ndoo kichwani. Kiangazi cha mwaka ule kikawa kikali. Nilipokwenda kumsalimu nikaona majani ya miche yameanza kubadilika, kijani kwenye kikonyo, njano katikati, kahawia kwenye ncha. Zilififiana taratibu kama rangi za pazia langu, ila hizi hazikunifurahisha.

Bahati nzuri wazee wa mfereji walikuwa wamempa zamu ya maji: Jumanne ile, saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, kisha tena baada ya siku nane. Na kule zamu ikikupita imekupita. Haikopeshwi, haifidiwi, hailiwi kiporo. Siku nane nyingine kwa jua lile, miche ingekuwa kuni.

"Nakwenda Olasiti kwa dada yangu, anaumwa," mama aliniambia Jumamosi. "Nitarudi Jumanne asubuhi. Wewe, baba, nichimbie njia ya maji. Anzia kule juu, mfereji unapopita kwenye mti wa mringaringa, uje nayo pembeni polepole mpaka kwenye miche."

"Usiwe na shaka, mama. Utakuta ziwa."

Aliponipa kisogo nikaenda kupima kwa macho. Kutoka kwenye mti ule wa mringaringa mpaka kwenye miche ni hatua mia mbili za kichaka kitupu. Na mfereji mkubwa unapita hapahapa, hatua thelathini tu chini ya miche! Ni kweli miche ilikuwa juu kidogo, kama kimo cha meza. Lakini meza ni kitu gani kwa maji ambayo mimi mwenyewe nimeyapiga picha yakipanda kimo cha mtu? Nikamhurumia mama. Nikasema hawa watu wamezaliwa na maji yanayopanda, na bado hawajui kuyatumia.

Nikachimba njia ya mkato. Nilichimba Jumapili baada ya ibada na Jumatatu kutwa, nikatokwa jasho ambalo peke yake lingetosha ile miche. Mchumba wangu alikuja mara moja na chai, akatazama, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Hii si inapanda?"

"Inapanda, ndiyo. Na maji ya huku yanapanda."

"Nani kasema?"

"Nina picha."

Akachukua kikombe, akarudi nyumbani. Mtu akishasema ana picha, utamjibu nini?

Jumanne saa mbili kamili mama alikuwa amerudi. Jirani wa ng'ambo ya barabara naye alikuwapo, mzee mwenye zamu inayofuata, jembe begani, simu mkononi akitazama saa kama refa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuondoa macho kwenye simu. Mama akatazama njia yangu, akatazama mringaringa kule mbali, akafungua mdomo. Nikamuwahi. Nikaziba mfereji mkubwa kwa gogo la mgomba na matope, nikafungua njia yangu kwa pigo moja la jembe.

Maji yakaingia, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikageuka kuwatazama wote kwa tabasamu la mkwe wa mwaka. Hatua ya sita yakasimama.

"Yanapumzika," nikasema.

Yakarudi. Yakajaa pale kwenye kizibo changu, yakavimba, yakavuka ukingo, yakaporomoka barabarani kwa furaha yote, yakavuka, yakaingia zizini kwa jirani. Mbuzi wakapiga kelele utadhani gharika imetangazwa.

"Wewe mtu wa picha!" mzee akafoka. "Umeyaambia yakae vizuri yatabasamu, mbona yamekimbia?"

"Mzee, samahani, huwa yanapanda..."

"Yanapanda? Hata mbuzi wangu wanajua maji yanakwenda wapi. Waulize, si hao wameloa!"

Mchumba wangu alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Mpaka leo hajaniambia alikuwa analia au anacheka. Mama alipita kati ya miche, akashika jani moja, likakatikia mkononi. Nikaona anavyolitazama, na utani wote ukanitoka. Nikafikiria siku nane.

"Ondoa kizibo," akaniambia. "Leta jembe. Twende kwenye mringaringa."

Kumbe chini ya kile kichaka kulikuwa na njia ya maji ya zamani, aliyoichimba marehemu mumewe, imejaa majani na udongo tu. Ilihitaji kufukuliwa. Ndiyo maana alisema nianzie kule. Tukaanza, mama mbele akionyesha inakopita, mimi na mchumba wangu nyuma tukifukua. Mzee akatutazama kidogo, akatema mate pembeni, akajiunga nasi na jembe lake.

"Sikusaidii wewe," akaniambia. "Nawasaidia mbuzi."

Siku ile nililima kama trekta mbili zilizokosana. Malengelenge yalipasuka, yakaota mengine, yakapasuka na hayo. Njia yenyewe ilinishangaza: nilipoinama kuitazama niliona imelala kabisa, kama meza, haina mteremko wowote. Lakini tulipoyafungulia maji pale juu yalikuja, taratibu, yakisukuma majani makavu mbele yake, bila haraka na bila kusimama.

Mche wa kwanza uliguswa na maji zikiwa zimebaki dakika chache saa sita itimie. Miche mia tatu haishibi kwa dakika chache. Nikamtazama mzee. Mama naye akamtazama. Mzee akaitoa simu yake, ikawaka mwanga mkali usoni pake kama taa ya studio, akaisoma, akairudisha mfukoni.

"Imezima," akasema. "Sijui hata ni saa ngapi. Mkimaliza mtaniita."

Tukamaliza saa saba na zaidi, kila mche umesimama kwenye tope lake.

Jioni, kabla sijarudi mjini, nilimwomba mama radhi, kisha nikamwonyesha zile picha mbili kwenye simu, maana bado roho ilikuwa inanisumbua. Maji miguuni, maji juu ya kichwa. Nikamwuliza, sasa haya nayo ni nini? Akazitazama kwa muda mrefu, ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena. Halafu akachukua beseni, akalijaza maji pomoni, akanipeleka kwenye ukingo wa mfereji palepale juu ya geti, akaliweka chini. Maji yakamwagikia upande ule mfereji unakokwenda. Kidogo tu, kama chozi, lakini upande ule.

"Mfereji unashuka, baba," akasema. "Unashuka kidogo, barabara inashuka sana. Maji hayakupanda. Wewe ndiye uliyeteremka."