Disketi ya Papa Kabwe

Leo disketi ya wakati wa Zaïre imeniliza hapa bironi, ofisini mwetu.

Mama Feza alikuja parokiani kutafuta cheti chake cha ubatizo. Kitabu cha ubatizo kilishaliwa na muchwa zamani.

Lakini marehemu Papa Kabwe, sekretere wetu, aliingizaka rejista ile yote kwenye ordinatere, kompyuta ya parokia, mbele ya muchwa. Akaandika programu ndogo, mistari mine tu: kila Jumamosi inabana yote iingie kwenye disketi moja.

Tulimuchekaka sana juu ya ile disketi. (Watu wa kwaya munaosoma hapa, musikatae!)

Leo nimeifungua. Jina la Mama Feza njo hili! Akapiga vigelegele, nami nikasimama kucheza naye.

Halafu nikaona kabarua ka Papa Kabwe mule ndani ya disketi:

"Weye unayefungua, tengeneza kopi ingine kwanza. Utacheza kiisha."

Nikakaa, nikaanza kutengeneza kopi.

Ndiyo, Papa.