Mkuu wa Shule Asiyekufa

Shangazi alifundisha hesabu mpaka sauti ikamkauka, na siku aliyostaafu aliapa kwamba hatakanyaga tena ofisi ya walimu. Akajifungia chumbani, akaandika riwaya ya upelelezi ambamo mkuu wa shule anawekewa sumu kwenye chai. Watu wakaigombania. Kisa cha riwaya ya pili akakipeleka hotelini, akamuua tajiri, mchapishaji akamrudishia mswada.

"Mwalimu, wasomaji wanamtaka mkuu wa shule."

Sasa kila asubuhi anashika kalamu na kurudi kwenye ofisi ile ile, yenye viti vile vile vibovu.

"Si uache tu, shangazi?" nikamuuliza.

"Niache niende wapi? Kila nikimuua yule mzee, kesho yake yuko mlangoni, ananidai andalio la somo!"