Meza ya Noreen Dunphy

Noreen Dunphy hajawahi kununua kiti. Anawapikia watoto wa shule hapa Allston, Boston, na mshahara wa jikoni unafika kwa mwenye nyumba kabla haujapoa. Karibu kila kitu alichonacho amekiokota tarehe mosi Septemba, siku ambayo mikataba ya upangaji ya mtaa mzima huisha na nusu ya watu huhamia kwenye nyumba za nusu nyingine. Usichoweza kubeba unakiacha kando ya barabara, na anayekitaka anakichukua. Noreen anaitetea sheria hiyo kwa nguvu zote. Mwaka juzi mwanafunzi mmoja aliweka taa yake chini apumzishe mkono, Noreen akaikwapua.

"Hiyo ni yangu, mama," kijana alilalamika.

"Ilikuwa yako ulipokuwa umeishika," Noreen alimjibu, akaondoka nayo.

Mimi naishi chini yake. Nilikuwa kinyozi, sasa nimestaafu na mgongo umestaafu pamoja nami. Kila Jumapili ananiletea supu iliyozidi chumvi, nami naila huku nanung'unika. Mdomo wake unanichosha, lakini nampenda kuliko ndugu zangu wengi.

Mwaka huu kodi ilipanda tena, na Bernadette aliyekuwa akikaa naye ameolewa Worcester. Mwenye nyumba alimpa Noreen mpaka jioni ya tarehe mosi asaini mkataba mpya. Bila mtu wa kugawana naye kodi asingeweza, na angelazimika kwenda kwa dada yake New Hampshire, mahali ambapo, kwa maneno yake, hata basi linaona uvivu kufika. Bahati nzuri binti mmoja wa chuo alishaahidi kuja kukaa naye.

Basi asubuhi hiyo Noreen aliamua kumwachia binti chumba kitupu. Akaiburuta meza yake ya mbao ngumu ngazi kwa ngazi mpaka nje, ili tuipitishe mlango wa nyuma tukaiweke kwangu. Akaja kunigongea.

"Gus, njoo ushike upande mmoja."

"Mgongo wangu."

"Mgongo wako utashika upande mwepesi."

Nilivaa viatu. Tulipotoka, meza haikuwepo.

Noreen alitazama barabara kushoto na kulia. Hapo hapo simu yake ikaita. Alikuwa yule binti. Amepata chumba kingine karibu na chuo, samahani sana, siku njema. Noreen aliirudisha simu mfukoni taratibu.

"Binti haji," alisema. "Sasa angalau nataka meza yangu."

Tuliiona kwenye kona, imepandishwa juu ya kitoroli cha supamaketi, inasukumwa na mama mnene aliyevaa sare ya madereva wa mabasi ya mji. Noreen alimkimbilia. Mimi nilifuata kwa mwendo wa mgongo.

"Dada, hiyo meza ni yangu."

Yule mama alisimama akafuta jasho. "Ilikuwa barabarani?"

"Ilikuwa."

"Ulikuwa umeishika?"

Noreen alianza kukagua miguu ya meza. Niliona nisaidie. "Mjibu, Noreen. Si unaijua sheria?"

"Gus, nyamaza." Akamgeukia yule mama. "Ina mguu mmoja mbovu. Ukiuegemea itakuangusha."

"Asante, nitaegemea ile mitatu."

"Haya, unaipeleka wapi?"

Yule mama aliegemea kitoroli. Jina lake Yolanda Pettway, alituambia baadaye. Alitazama barabara mbele, kisha nyuma alikotoka.

"Sijui," alisema. "Kodi yangu imepandishwa mpaka nimeshindwa. Vitu vyangu viko kwenye gereji ya binamu, na mimi nalala kwenye kochi lake. Sina hata pa kuweka kijiko."

"Sasa meza ya nini?"

"Ni mbao tupu, dada, haina plastiki hata kidogo. Wewe ungeipita?"

Noreen alicheka mpaka akashika kitoroli. Yolanda naye akacheka, ingawa macho yake yalikuwa yamelowa. Huu ndio mji wetu: mtu hana chumba, ila meza ya bure haiachi.

"Unakoroma?" Noreen aliuliza.

"Sana."

"Hata mimi. Unavuta sigara?"

"Niliacha. Bei."

"Chumba changu cha pili kiko wazi. Nusu ya kodi ni dola elfu moja na mia nne. Ni wizi mtupu, lakini nusu nyingine naibiwa mimi."

Yolanda alipiga hesabu huku midomo ikitembea. "Nikichukua zamu za Jumamosi naweza. Na meza ni ya nani?"

"Yako, umeiokota. Ila mimi nitakula chakula changu juu yake, na ukinikataza nakuongezea kodi."

Tulimpigia simu mwenye nyumba kumwambia Noreen atasaini, kisha tukaanza kuipandisha meza. Mimi nilishika upande mwepesi, na hakuna upande mwepesi. Mlango wa Noreen ulipofunguliwa nilisimama. Maboksi yalikuwa yamejipanga ukutani, yamefungwa kamba. Sufuria, vikombe, hata mapazia, vyote vilikuwa tayari kwa safari ya New Hampshire. Hakuwa amemwamini yule binti hata siku moja, na hakuwa ameniambia neno.

"Ungeniaga lini?" nilimuuliza.

"Ningekupigia simu nikifika," alisema, hakunitazama. "Ana kwa ana nisingeweza, Gus."

Nilikata kamba ya boksi la kwanza, nikaanza kurudisha sufuria rafuni. Nilifungua maboksi yote peke yangu, na sikuutaja mgongo hata mara moja.