Mafuta ya Nazi Yaliyoganda Ijumbi

Nilipokuwa na miaka tisa niliamini, kwa asubuhi moja nzima, kwamba nimemuua mtoto wa baba mdogo kwa kunyamaza. Mtoto mwenyewe, Mugisha, yuko hai. Anauza vipuri vya pikipiki Muleba mjini, na nikimkumbusha habari hii anacheka mpaka anashika tumbo.

Tuliishi Ijumbi, nyumba mbili ndani ya kibanja kimoja cha migomba na kahawa: moja ya Bibi, aliyenilea, na nyingine ya baba mdogo Novatus. Baba mdogo alikuwa mwalimu. Alifundisha Pangani miaka kadhaa, kisha akahamishiwa kwetu, akaja na mke wake Rehema, mwenye mimba kubwa na sanduku moja la bati. Ndani ya sanduku hilo, katikati ya kanga, mlikuwa na chupa ya mafuta ya nazi aliyopewa na mama yake.

Sisi nazi tulizijua kwa picha za kitabu cha shule. Mafuta yetu ya mwili yalikuwa samli, tena si ya dukani. Bibi aliitengeneza mwenyewe kwa maziwa ya ng'ombe wake, akaihifadhi kwenye kibuyu, na kila mtoto aliyezaliwa pale alipakwa hiyo kuanzia utosini mpaka nyayoni. Alituambia kwamba waliotangulia hawaoni sura zetu, wanatujua kwa harufu. Mwenye kunukia samli ya nyumbani humlinda. Mwenye harufu ngeni humwona adui aliyejipenyeza, na huyo haponi. Nilimwamini kama nilivyoamini kwamba kesho kutakucha.

Mwaka aliozaliwa Mugisha ng'ombe alikuwa amekata maziwa, na kibuyu kilibaki na harufu tu. Mama mdogo akampaka mtoto mafuta ya mgando ya dukani. Ngozi ikafanya vipele, ikababuka shingoni na mapajani, na mtoto akawa analia mpaka sauti inamkauka. Mama mdogo akaomba ruhusa ya kutumia mafuta ya kwao. Bibi alikataa, kwa upole, lakini alikataa.

"Vumilia kidogo, mukamwana wange," alimwambia. "Ng'ombe anakaribia kuzaa."

Siku moja mchana nilitumwa ungo nyumbani kwa mama mdogo. Nilimkuta amekaa dirishani penye jua, amempakata Mugisha akiwa uchi, anampaka mafuta mgongoni. Chupa ilikuwa wazi pembeni yake, na mafuta yalikuwa maangavu kama maji ya mvua.

"Utamwambia Bibi?" aliniuliza.

"Sijui."

"Basi usimwambie leo. Mwone anavyolala."

Kweli mtoto alikuwa ameanza kusinzia, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa siku nyingi. Nikachukua ungo wangu nikaondoka, na sikusema neno.

Kisha mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, na ile baridi yetu ya asubuhi ikaingia mpaka kwenye mifupa. Siku ya tatu nilichungulia chumbani kwa mama mdogo. Chupa ilikuwa juu ya sanduku, imejaa kitu cheupe pepepe. Niliipindua, hakikushuka. Kwamba samli huganda nililijua, lakini samli ina rangi yake hata ikiyeyuka. Haya yalikuwa maji, nimeyaona kwa macho yangu. Nikakata shauri kwamba waliotangulia wamefika, wamenusa, wamekasirika na kuacha alama. Mugisha alikuwa amelala kimya mno. Nikakimbia jikoni nikamweleza Bibi kila kitu, machozi na kamasi vikinichuruzika.

Bibi aliacha ndizi alizokuwa anamenya, tukaenda wote nyumba ya pili. Mama mdogo alipotuona mlangoni alielewa, akamnyanyua mtoto akamkumbatia.

"Mama, nisamehe," alisema. "Mtoto alikuwa halali."

Bibi aliichukua ile chupa, akaibana kwapani chini ya kanga, akakaa kwenye kigoda. Tulisimama pale tukimtazama. Alipoitoa, ule weupe ulikuwa umeachia pembeni na kuanza kuteleza.

"Nani aliyatengeneza?"

"Mama yangu. Alikuna nazi, akakamua tui, akalichemsha mpaka mafuta yakajitenga. Hata kwetu huganda kukiwa na baridi."

"Kwa mikono yake?"

"Kwa mikono yake."

"Na wewe ulipakwa haya?"

"Tangu nilipozaliwa."

Bibi alinusa chupa kwa muda mrefu. "Basi huyu anatafutwa na watu wa pande mbili," alisema. "Na hao wa Pangani nao wana pua."

Nilidhani sasa atampaka mtoto. Badala yake alijipaka yeye, mikono yote miwili, shingo na uso mpaka akang'aa. Akaenda kukaa peke yake pembezoni mwa kibanja, akatukataza tusimsogelee. Chakula cha mchana kikachelewa, nami njaa ilikuwa inaniuma.

"Bibi, unangoja nini?" nilimuuliza kwa mbali.

"Ngoja wamalize kuninusa, waitu," alisema, akinibembeleza kwa Kihaya.

Jioni alinyanyuka, akanawa, akamchukua Mugisha na kumpaka yale mafuta kuanzia utosini mpaka nyayoni. Ngozi ilipona. Siwezi kuapa kwamba ni nazi iliyoiponya, maana yale ya dukani nayo tuliyaacha. Ninachojua ni kwamba ng'ombe alipozaa, vibuyu vikawa viwili, cha samli na cha nazi. Mama mdogo akaanza kutia kijiko kimoja cha mafuta yake kwenye katogo ya ndizi na maharage. Bibi alilalamika kwamba chakula kinanukia kama sabuni, akaongezewa sahani, na kila baba mdogo alipoandika barua Pangani, Bibi alimkumbusha aagize mafuta.

Leo ninaishi Bukoba mjini. Mafuta ya nazi nanunua sokoni, ninakaangia dagaa na kuwapaka wanangu wakitoka kuoga. Nayapenda kuliko yote, na sijui mafuta mengine yanayotosha jikoni na mwilini kwa pamoja namna hiyo.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama habari ya kikongwe aliyetupa imani zake kwa kumhurumia mkamwana. Nilikosea, na nililijua kosa langu siku nilipompakata mwanangu wa kwanza, nikalia sana. Bibi hakuacha kuamini hata chembe. Ndiyo maana alijipaka yeye kwanza, akakaa mbali nasi sote, akangoja kuona kama atakufa.