Visheti Getini

Hebu mwone Sikudhani akishuka bodaboda pale Ipagala, vumbi la safari ya kutoka Kondoa bado limeshika baibui, ndoo ya visheti kaikumbatia. Kabla hajamaliza kupiga hodi, geti linafunguka nusu. Shamila, mke wa mdogo wake, kasimama katikati.

"Ndoo ibaki nje."

"Hata salamu, wifi?"

"Salamu gani? Umemlisha mume wangu sukari tangu utoto mpaka ikamwotesha uvimbe. Leo umekuja kuumwagilia maji?"

"Visheti hivi ndivyo vilivyomsomesha huyo unayemwita mumeo!"

Ni kweli. Tangu wazazi wao wafariki, Sikudhani alikaanga visheti stendi ya Kondoa, na mdogo wake Swalihu akasoma.

Ila Shamila naye hakuokota maneno barabarani. Daktari aliwaeleza kwamba ndani ya seli mna kama majiko madogo, mitokondria. Yakiharibika, ni sawa na jiko la mkaa lililopasuka: linameza mkaa, joto haba, moshi tele. Moshi huo unaweza kuharibu maagizo yanayoiambia seli iache kuzaana. Seli ikishaasi, mara nyingi hubugia sukari.

Hapo kwenye sukari Shamila akainuka, akatoka. Hakusubiri kusikia kwamba kumnyima mgonjwa chakula hakuui uvimbe kwa njaa. Anayekonda ni mgonjwa. Basi nyumbani uji ukakoma, ugali ukakoma, Swalihu akabaki na mlenda mtupu. Dawa ya saratani ya mshipani ikaahirishwa kwa sababu mwili hauna nguvu. Ndipo Swalihu akampigia dada yake simu, akinong'ona.

Sikudhani akaitua ndoo chini. "Haya, nimeiacha. Nipishe nimpikie uji wa ulezi, hata usio na sukari."

"Ulezi ukifika tumboni si sukari ileile? Unaniona mjinga?"

"Daktari kasema ale!"

"Daktari ndiye anayemshika akitapika? Au wewe, wa kuja na kuondoka?"

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli.

Sauti ikatoka ndani, nyembamba. "Dada, njoo. Jumatatu wananipima tena kama mwili unaiweza dawa."

Shamila hakusogea. Akipita kwa nguvu, Sikudhani atampikia siku mbili tatu, kisha atarudi Kondoa, na jiko litabaki mikononi mwa mwanamke aliyedhalilishwa getini kwake. Akibembeleza, Jumatatu haingoji.

Wewe ungelipitaje geti lile?