Upande wa Huku wa Barabara

Muuguzi wetu tulimwita Mama Rula, maana hakuwahi kufuta jina kwenye rejista bila rula. Mstari ulionyooka, wino mwekundu, basi. Mimi wa mapokezi nilikuwa nikimtania kwamba hata kitanda anatandika kwa rula.

Wizara ilipotaka kujua kama kipimo kipya cha saratani ya mlango wa kizazi kinakishinda cha zamani, ilipiga kura ya bahati kati ya zahanati mbili. Zahanati ya ng'ambo ya barabara ikapata mashine, pekee mji mzima. Yetu ikabaki na kipimo cha zamani: siki ya kupaka, pamba na macho ya Mama Rula. Kwa miaka miwili kila mwanamke apimwe upande anaoishi, ili matokeo yalinganishwe.

Wanawake si wajinga. Wakaanza kuvuka na anwani za watu. Mama Rula, aliyepewa kazi ya kukagua rejista zote mbili, ndiye aliyewagundua: nyumba moja ya vyumba viwili ilikuwa na wapangaji kumi na tisa, wanawake watupu! Akaripoti, akasifiwa mkutanoni. Tangu hapo havuki mtu bila barua ya ukaazi yenye muhuri. Wiki nzima alitembea kifua mbele, hasemezeki.

Mwezi uliopita yakaja matokeo ya mwaka wa kwanza. Mashine ilikuwa imenasa wagonjwa mara tatu ya macho yake. Akampigia simu bosi wa wizarani: wa huku sasa wavuke?

"Bado mwaka, sista. Tukiwachanganya, kazi yote bure. Si wewe uliyetufundisha?"

Siku ya Jumanne akaingia mdogo wake Mama Rula, aliyerudishwa kutoka ng'ambo ya barabara kwa kukosa barua. Mama yao aliuawa na saratani hiyo hiyo.

"Dada, niandikie tu kwamba nakaa kwa wifi yangu."

"Nyumba ya wifi yako ndiyo ile ya wapangaji kumi na tisa. Niliifunga rejistani mwenyewe."

Mdogo mtu akacheka. Alipoona dada yake hacheki, akapanda kitandani.

Mama Rula akapaka siki, akasubiri dakika moja, akaangalia. Akasogeza taa. Akaangalia tena mpaka macho yakamchonyota, asione doa jeupe hata moja. Siku zote alikuwa akimaliza kwa "uko salama, mama, nenda". Safari hii alibaki ameshika taa. Aliogopa, nami niliyesimama mlangoni na rejista nilimwona.

"Vipi, dada?"

"Sijaona kitu."

"Alhamdulillahi!" Mdogo wake akamkumbatia, akavaa viatu, akaenda zake nyumbani.